Kuunganisha kiyoyozi cha zamani na nyumba janja: tathmini ya BroadLink RM4 mini ikitumiwa na Home Assistant

Viyoyozi vingi vilivyofungwa katika nyumba za Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa havina waifai wala programu ya simu, kwa kuwa vilinunuliwa kabla habari za nyumba janja hazijafika madukani kwetu. Ni mashine za ukutani za BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 9,000 hadi 18,000, kipande kimoja ndani na kingine nje, zinazoendeshwa kwa rimoti ambayo baada ya miaka michache hufungwa kwa mpira ili kifuniko cha betri kisidondoke. Zinapoza vizuri. Kasoro yake ni kwamba zinamtegemea mtu akumbuke kuziwasha na, jambo linalouma zaidi mfukoni, akumbuke kuzizima. Anayetaka mashine ya namna hiyo ifuate saa, joto la chumba au kuwapo kwa watu ndani halazimiki kununua nyingine. Anaweza kununua kifaa kinachoigiza rimoti, na mojawapo ya vifaa hivyo vilivyozoeleka ni BroadLink RM4 mini.

Ni kisanduku cheusi kinachoenea kiganjani, kinachotumia umeme wa volti 5 kupitia waya wa USB wa aina iliyokuwa kwenye chaja za simu za zamani. Kazi yake ni moja: hupokea amri kwa waifai na kuitoa kwa miale ya infraredi, ileile inayotoka kwenye ncha ya rimoti. Bei yake katika maduka ya mtandaoni ni dola 25 hivi kabla ya usafirishaji na ushuru. Ndugu yake mkubwa, RM4 Pro, huongeza mawimbi ya redio ya megahezi 315 na 433 kwa ajili ya mageti na feni za dari zenye rimoti za redio. Kwa anayeshughulika na kiyoyozi peke yake, nyongeza hiyo haina faida. Mimi nimekitumia pamoja na Home Assistant, programu huria ya kuendesha vifaa vya nyumbani kutoka mahali pamoja, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, ambayo nimeiweka kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyokaa karibu na ruta. Tathmini hii inavihusu viwili hivyo vikiwa pamoja, kwa sababu kifaa kikiachwa na programu yake ya simu tu hakitofautiani sana na rimoti ya pili.

Jambo la kulielewa kabla ya kutoa pesa ni kwamba kifaa hiki husema bila kusikia. Kinatoa amri ya kuwasha, na hakipati jibu lolote kutoka kwa kiyoyozi kwamba amri imefika, imeeleweka, au imekuta mashine tayari inafanya kazi. Ni kama mtu anayepiga hodi akaingia ndani bila kungoja kuitikiwa. Kioo cha simu kitaandika kwamba sebule inapozwa kwa nyuzi 25, na maandishi hayo yatabaki hapo hata kama kiyoyozi kimezimwa kwenye breka tangu asubuhi. Bibi akiichukua rimoti ya kawaida na kushusha joto hadi nyuzi 20, kama ilivyo haki yake, mfumo hautajua. Tathmini nyingi za vifaa hivi huishia pale mashine inapowaka kwa amri ya sauti na watu wa nyumbani wakashangilia. Mimi naona kazi ndiyo inaanzia hapo, kwa kuwa mfumo unaodhani unajua hali ya mashine, na kumbe haujui, utatumia umeme mwingi kuliko mtu msahaulifu.

Ufungaji wenyewe ni mwepesi ukiwa na subira. Kifaa kinakubali waifai ya gigahezi 2.4 tu, hivyo ruta inayochanganya mawimbi ya 2.4 na ya 5 chini ya jina moja inaweza kumsumbua mtumiaji, na suluhisho la haraka ni kuyatenganisha kwa muda. Programu ya simu ya BroadLink inahitajika mara ya kwanza ili kukiingiza kifaa kwenye mtandao wa nyumbani. Baada ya hapo, katika mipangilio ya kifaa, ipo swichi ya kukifunga, na swichi hiyo ikiwa imewashwa Home Assistant itakataliwa na kuambiwa kuwa kifaa kimefungwa. Hatua hii ndogo imewakwamisha wengi, nami nashauri ishughulikiwe kabla ya kingine chochote: swichi izimwe, kifaa kionekane ndani ya Home Assistant, kisha programu ya simu isahauliwe kabisa.

Kuhusu mahali pa kukiweka, miale ya infraredi haipenyi ukuta wala mlango wa kabati, ila hudunda vizuri kwenye kuta zilizopakwa rangi nyeupe. Cha kwangu kimekaa juu ya kabati la televisheni, upande wa pili wa chumba, na kiyoyozi kinakipata hata mtu akisimama katikati. Pazia zito lililofunika sehemu ya ukuta liliwahi kuzuia ishara hadi kifaa kiliposogezwa hatua moja. Kila chumba kinahitaji cha kwake, na hapo ndipo hesabu ya dola 25 inapoanza kuongezeka.

Sehemu inayostahili maelezo marefu ni namna rimoti ya kiyoyozi inavyozungumza, kwa sababu haifanani na ya televisheni. Rimoti ya televisheni hutuma kitufe kimoja kwa wakati mmoja: ongeza sauti, punguza sauti, badili chaneli. Rimoti ya kiyoyozi, kila inapobonyezwa, hutuma hali nzima inayoonekana kwenye kioo chake, yaani kupoza au kukausha, nyuzi ngapi, kasi ya feni, mwelekeo wa mapezi, na pengine hata saa iliyomo ndani ya rimoti, kama zifanyavyo za Mitsubishi Electric. Ndiyo maana ujumbe wake ni mrefu: wa televisheni mara nyingi una biti 32, ilhali wa baadhi ya viyoyozi vya Daikin hufikia biti 280.

Tabia hiyo ina matokeo mawili, moja baya na moja zuri. Baya ni kwamba kumfundisha BroadLink rimoti nzima, yaani kumwelekezea rimoti ili anakili ishara zake, hali moja baada ya nyingine, ni kazi ya kuchosha. Rimoti yenye nyuzi 16 hadi 30, kasi nne za feni na hali nne za kazi ina michanganyiko 240, na hiyo ni kabla ya kugusa mapezi. Kipo kiongezo huria cha Home Assistant kiitwacho SmartIR, chenye hazina ya ishara zilizokwisha kurekodiwa na watumiaji wa nchi mbalimbali, na kama aina yako ya kiyoyozi imo, unaandika namba yake na kazi imekwisha. Kama haimo, ushauri wangu ni kuacha tamaa ya kurekodi yote. Nyumba ya kawaida haihitaji nyuzi 17 wala kasi ya tatu ya feni. Inahitaji kupoza kwa nyuzi 24, kupoza kwa nyuzi 26, kukausha, na kuzima. Ishara hizo chache zikirekodiwa kwa uangalifu, mapezi yakiwa yameelekezwa unavyotaka na kipima muda cha rimoti kikiwa kimefutwa, zinatosha kuendesha chumba mwaka mzima, wakati wa kaskazi na wakati wa kusi.

Tokeo zuri ni kwamba amri inaweza kurudiwa bila madhara. Kwa kuwa ujumbe unasema “washa, poza, nyuzi 26” na hausemi “badilisha”, kuutuma mara mbili au tatu hakuharibu kitu. Vipo viyoyozi vichache vya kuepukwa katika hili, ambavyo ishara ya kuwasha na ya kuzima ni ileile, na kwa hivyo kurudia amri ni kukizima ulichokwisha kukiwasha; mwenye mashine ya namna hiyo akiijua mapema atajiepusha na usumbufu mwingi.

Hapo ndipo linapoingia swali la nani atatoa jibu ikiwa kiyoyozi chenyewe hakisemi. Jibu nililoridhika nalo ni umeme. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kisicho cha inverta (yaani kisichobadili kasi ya kompresa, pampu inayosukuma gesi) hula kilowati 1.1 hivi kompresa ikizunguka, makumi machache ya wati feni ikiwa peke yake, na karibu na sifuri kikiwa kimezimwa. Kipimo cha Shelly EM, ambacho hung’ata waya wa kiyoyozi kwa nje bila kuukata, humpa Home Assistant namba hizo papo hapo. Nilipendelea kipimo cha kung’ata kuliko swichi inayopitisha umeme wote ndani yake, kwa sababu sioni busara ya kukata umeme wa kompresa ghafla ikiwa kazini, na mafundi wa viyoyozi niliozungumza nao wanasisitiza jambo hilohilo. Kazi ya kukifunga ndani ya kisanduku cha breka ni ya fundi umeme, wala si ya mwenye nyumba aliyetazama video mbili.

Kuanzia hapo sheria inakuwa rahisi kuandika: tuma amri ya kuwasha, subiri dakika mbili, soma wati; zikiwa chini ya 20, tuma tena; zikiwa bado chini ya 20 baada ya mara tatu, tuma ujumbe kwenye simu. Kiwango nimekiweka chini kiasi hicho kwa makusudi, kwa kuwa kompresa inaweza kuwa imepumzika kihalali huku feni ikiendelea, na mtu akiweka wati 500 kuwa alama ya uhai wa mashine, mfumo utapiga kelele kila chumba kinapofikia ubaridi uliotakiwa. Vilevile kompresa nyingi hungoja dakika tatu hivi kabla ya kuanza upya, ili msukumo wa gesi utulie, na mfumo usiojua hilo utaona mashine imegoma wakati inajilinda. Bibi akiwasha kwa rimoti yake, wati zinapanda, na mfumo unatambua kuwa kuna mtu ameamua. Kwangu nimeagiza kwamba uamuzi wa namna hiyo uheshimiwe kwa saa mbili.

Kipimo hicho cha umeme kina faida nyingine ambayo sikuitarajia wakati wa kununua. Ukiweka mstari wa wati na mstari wa joto la chumba kwenye mchoro mmoja, unaiona afya ya kiyoyozi. Wiki moja ya mwezi wa Februari mstari wa umeme ulikaa juu usiku kucha bila kupumzika, huku joto likigoma kushuka chini ya nyuzi 28. Fundi alipofungua alikuta vichujio na mapezi ya alumini ya kipozeo vimejaa vumbi na ukungu, akaviosha, na usiku uliofuata kompresa ikarudia mwendo wake wa kuzunguka na kupumzika. Gesi ikipungua, mchoro hufanana sana na huo, na kuosha hakubadilishi kitu. Hiyo ndiyo njia ya kuyatofautisha hayo mawili kabla ya kukubali kuongezewa gesi ambayo huenda haikupungua. (Kuna mafundi ambao kila ugonjwa kwao ni gesi.)

Joto nalo lisisomwe mahali popote. Kihisi cha ndani ya kiyoyozi kipo karibu na dari, kwenye hewa inayorudi, na hakijui hali ya mtu aliyelala kitandani. BroadLink huuza waya wenye kihisi cha joto na unyevu, uitwao HTS2, unaochukua nafasi ya waya wa kawaida wa umeme. Ni kitu kizuri, ila unapima pale kilipo kifaa, na kifaa mara nyingi kipo juu ya kabati. Kihisi kidogo cha Zigbee (mawimbi ya redio yanayotumia umeme kidogo) kinachotumia betri ya saa, kikibandikwa karibu na kichwa cha kitanda, kinasema kweli zaidi. Kwa Pwani naongeza kwamba unyevu una uzito kuliko nyuzi. Chumba cha nyuzi 27 chenye hewa kavu hulalika, cha nyuzi 25 chenye unyevu wa asilimia 80 hakilaliki, na sheria iliyonipa usingizi mzuri kuliko zote ni ile inayobadilisha hali ya mashine kutoka kupoza kwenda kukausha saa saba usiku, ikiwa joto limeshuka chini ya nyuzi 27 na unyevu umebaki juu ya asilimia 70.

Kuhusu gharama, tuchukue mashine ileile ya kilowati 1.1. Ikizunguka saa nane bila kupumzika inakula uniti 8.8, na mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, wa daraja la D1, ambaye matumizi yake hayatakiwi kuzidi uniti 75 kwa mwezi, angezimaliza zote katika usiku wa tisa. Kwa kweli kompresa hupumzika, hivyo hali si mbaya kiasi hicho, lakini hesabu inaonyesha pesa zinapotokea: haziletwi na ujanja wowote wa programu, zinaletwa na saa ambazo mashine haizunguki. Sheria mbili tu ndizo zilizopunguza ununuzi wa umeme wa LUKU nyumbani kwangu kwa namna inayoonekana, nazo ni kuzima kiyoyozi mlango wa baraza ukiachwa wazi zaidi ya dakika tano, na kupandisha kutoka nyuzi 24 hadi 26 baada ya saa sita usiku. Nyingine zote ni starehe.

Umeme ukikatika na kurudi, mambo yanataka fikra ya ziada. Viyoyozi vingi hukumbuka hali vilivyokuwa nayo na kujiwasha vyenyewe, hata kama chumba hakina mtu. Raspberry Pi na ruta huchukua dakika kadhaa kuamka, na kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika ikikatiwa umeme mara kwa mara wakati wa kuandika. Kwa hiyo nimeviweka ruta na Raspberry Pi kwenye betri ndogo ya akiba, kiyoyozi kimebaki na kilinzi chake cha volti kinachochelewesha umeme kwa dakika chache, na mfumo ukiamka haukimbilii kutoa amri: unasoma wati kwanza, ndipo unaamua.

Kukatika kwa intaneti ni jambo jingine, na katika hili mpangilio huu unapata alama zake za juu kabisa. Amri hutoka kwa Home Assistant kwenda kwa RM4 mini ndani ya nyumba, bila kupitia seva ya mtu yeyote. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Tanzania na majirani zake ikazorota, mfumo wa aina hii haukuwa na sababu ya kutikisika, ilhali kifaa kama Sensibo, kidhibiti kingine cha viyoyozi, ambacho kimetengenezwa vizuri na ni rahisi zaidi kwa asiyetaka kujifunza, hutegemea seva za kampuni. Utegemezi huo una gharama hata pale intaneti isipokatika. Google iliacha kuhudumia vidhibiti joto vya Nest vya kizazi cha kwanza na cha pili tarehe 25 Oktoba 2025. Vinaendelea kufanya kazi ukutani, lakini havidhibitiwi tena kwa programu ya simu. Na mwezi Januari 2024 kampuni ya Haier ilimtaka mtengenezaji wa programu huria iliyounganisha viyoyozi vyake na Home Assistant aiondoe, kisha ikalegeza msimamo baada ya watumiaji kulalamika. RM4 mini, kwa ukimya wake wote, haina mtu wa kuizima kutoka mbali.

Hita ya maji inaingia kwenye mfumo huohuo kwa njia fupi zaidi, kwa kuwa haina rimoti. Tangi la lita 50 linahitaji uniti 2 hivi kupandisha maji kutoka nyuzi 25 hadi 60, na swichi ya Shelly inayoamrisha kontakta (swichi nzito inayobeba mzigo wenyewe) inatosha kuliwasha saa kumi na moja alfajiri na kulizima watu wakishaondoka, huku kidhibiti joto cha ndani ya tangi kikiachwa kifanye kazi yake ya usalama. Hita za bafuni za papo kwa papo ziachwe: nyingi hula kilowati 5 au zaidi, yaani zaidi ya ampea 20, na swichi ndogo ya ampea 16 haikutengenezwa kwa mzigo huo.

Nani asikinunue kifaa hiki? Mwenye kiyoyozi kipya chenye waifai ambacho Home Assistant hukifikia moja kwa moja ndani ya nyumba, kama vile baadhi ya aina za Gree na Daikin, hana haja nacho, kwa sababu mashine yake hujibu yenyewe na inasema iko nyuzi ngapi. Aliyeko Ulaya au Marekani ya Kaskazini, ambaye nyumba yake inapashwa joto kwa boila na kidhibiti cha ukutani chenye nyaya, hatapata la maana kwa infraredi; anachotakiwa kubadilisha ni kidhibiti chenyewe. Fundi anayependa kushika chuma cha kulehemu anaweza kutengeneza cha kwake kwa chipu ya ESP32 na programu ya ESPHome, akaweka taa ya kutuma pamoja na kipokezi cha miale, na hicho kitasikia hata rimoti ya bibi inapobonyezwa, jambo ambalo RM4 mini hailifanyi. Ni nafuu na ni bora, kwa mwenye muda.

Kwa mpangaji, au kwa familia yenye viyoyozi viwili vitatu vya zamani ambavyo bado vinapoza, ningesema anunue RM4 mini moja na Shelly EM moja, aanze na chumba kinachotumika zaidi usiku, na asinunue ya chumba cha pili mpaka sheria ya kuzima ya chumba cha kwanza iwe imepita msimu mzima wa kaskazi bila kumwamsha mtu. Akihama, fundi ataondoa kile kipimo kwenye kisanduku cha breka, na kisanduku cheusi kitatoshea kwenye mfuko wa shati.